Nyasi za umuganda si takataka: Nyungunyungu wanavyozigeuza mboji

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, wananchi wa Rwanda hushika mafyekeo, mapanga na majembe. Mifereji huzibuliwa, vichaka hupunguzwa, kingo za barabara hunyolewa. Ikifika saa sita mchana mitaa inapendeza. Kinachobaki ni swali ambalo kila kiongozi wa umudugudu analifahamu: nyasi zote hizi ziende wapi?

Swali hilo si la Wanyarwanda peke yao. Tanzania ina usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Waganda wana bulungi bwansi yao, ndugu zetu wa Goma na Bukavu wana salongo, na Warundi wana kazi zao za pamoja za Jumamosi. Majina ni tofauti, lakini lundo la nyasi mwisho wa kazi ni lile lile, na mara nyingi majibu ni yale yale matatu: kuzichoma, kuzisukumia bondeni, au kuzipakia kwenye gari la taka.

Yote matatu yana gharama. Anayechoma anawalisha majirani moshi na kurusha hewani nitrojeni ambayo mwezi ujao ataitafuta dukani ndani ya mfuko wa mbolea. Anayesukumia bondeni anaziba mfereji aliouzibua asubuhi ile ile, na mvua ikija maji yatapita sebuleni kwa mtu. Anayepakia kwenye gari analipa mafuta ili kusafirisha mzigo ambao sehemu kubwa yake ni maji.

Lipo jibu la nne, na halihitaji mashine wala umeme. Linahitaji kivuli, uvumilivu wa miezi mitatu hivi, na mdudu asiye na macho wala meno: nyungunyungu.

Mlima unaoanza na fyekeo

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya taka zinazokusanywa ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya sokoni, majani na nyasi. Vitu hivi vikirundikwa bila hewa havigeuki udongo mzuri. Hutoa methani, gesi inayochangia joto la dunia kwa nguvu kubwa kuliko kaboni dayoksaidi, na huvuja maji machafu yanayotafuta njia kuelekea kwenye mito.

Madampo yetu yanajulikana kwa majina. Nairobi ina Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970. Kigali ina Nduba, wilayani Gasabo. Kampala ilikuwa na Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima wa taka wa Kiteezi iliporomoka na kufunika nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, wakiwamo watoto.

Hakuna anayesema nyasi ndizo zilizoangusha Kiteezi. Lakini mlima wa aina hiyo hujengwa gunia kwa gunia, na magunia mengi kati ya hayo hayakupaswa kufika pale. Kila gunia la majani linalobaki mtaani na kugeuka mboji ni gunia moja pungufu mlimani.

Kwanza tuelewane kuhusu jina

Neno “minyoo” huwatisha wengi, na wana sababu. Kwa mama aliyewahi kumpeleka mtoto kwenye zahanati kupewa dawa, minyoo ni ugonjwa. Nyungunyungu ni kiumbe mwingine kabisa. Wanyarwanda humwita umunyorogoto, na Waganda humwita olusiring'anyi. Haishi tumboni mwa mtu wala mnyama. Anaishi kwenye majani yanayooza na kwenye udongo, anapumua kwa ngozi, na akikauka anakufa.

Kazi yake imeandikwa zamani. Mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufariki, mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alichapisha kitabu kizima kuhusu namna nyungunyungu wanavyotengeneza udongo wa juu wa mashamba. Wakulima wetu walijua jambo hilo bila kitabu: shamba lenye nyungunyungu wengi ndilo lenye rutuba.

Hata hivyo, si kila nyungunyungu anafaa kwa kazi ya mboji. Yule mkubwa unayemchimbua shambani kwa jembe huishi ndani ya udongo, na ukimfungia kwenye kreti la majani atatoroka au atakufa. Wanaofaa ni wale wanaoishi juu, kwenye samadi na majani yaliyolowa. Maarufu zaidi ni wale wembamba wekundu ambao wataalamu huwaita Eisenia fetida na ndugu yake Eisenia andrei. Hawa hupenda joto la kati ya nyuzi 15 na 25. Mwingine ni Eudrilus eugeniae, mkubwa na mrefu zaidi, mwenye asili ya Afrika Magharibi, ambaye hustahimili zaidi joto la ukanda wa chini.

Tofauti hiyo ina maana kwa msomaji, kulingana na mahali alipo. Kigali ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na joto lake la wastani ni kama nyuzi 20. Kwa nyungunyungu mwekundu hapo ni nyumbani, sawa na Goma, Kabale au Nairobi. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna joto zaidi. Dar es Salaam na Mombasa kuna joto zaidi ya hapo. Huko chini kivuli ni sharti, na huyo wa pili anaweza kufaa zaidi. Joto ndani ya kreti likipita nyuzi 35, hao wekundu hufa.

Nyasi mbichi ni moto

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mtu husikia kwamba nyungunyungu hula majani, hununua kilo moja ya nyungunyungu, humwaga juu yao gunia zima la nyasi zilizofyekwa asubuhi, kisha hufunika. Baada ya siku mbili hufunua na kukuta wamekufa au wametoroka, na harufu inawakimbiza hata wenye nyumba.

Sababu ni mbili. Kwanza, nyasi changa zina maji mengi, karibu asilimia 80 ya uzito wake. Zikirundikwa hushikana kama ugali, hewa haipiti, na zinaanza kuoza kwa kunuka. Pili, zina nitrojeni nyingi. Kwa kila sehemu moja ya nitrojeni zina takriban sehemu 15 hadi 25 za kaboni, wakati majani makavu na katoni yana kaboni nyingi mno kuliko hizo. Vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho hushambulia chakula hicho kitamu kwa pupa, na joto hupanda. Lundo la nyasi mbichi lenye ukubwa wa kutosha linaweza kufika nyuzi 60 ndani ya siku chache. Ingiza mkono katikati ya lundo la jana na utaamini. Nitrojeni iliyozidi hutoka kama amonia, hewa kali inayochoma pua, na ngozi ya nyungunyungu haiivumilii.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: nyungunyungu hapewi nyasi za leo. Zipo njia mbili za kuziandaa.

Njia ya wenye nyasi kidogo ni kuzianika. Zitandaze juani kwa siku mbili au tatu, ukizigeuza, hadi ziwe kama nyasi za paa. Zikikauka hazina tena joto la kutisha. Kabla ya kuzitumia unazilowesha kidogo na kuzichanganya na chakula kingine.

Njia ya wenye nyasi nyingi, kama wa umuganda, ni kuzipika kwanza kwenye lundo. Changanya debe moja la nyasi mbichi na debe moja la vitu vikavu: majani yaliyoanguka, mabua yaliyokatwakatwa, maranda au katoni zilizochanwa. Ukiwa na samadi ya ng'ombe, ongeza. Geuza lundo kila baada ya siku tatu ili hewa iingie. Baada ya wiki mbili hivi joto hushuka. Kipimo chake ni rahisi: chomeka kijiti katikati, subiri dakika tano, kisha kishike. Kikiwa bado na joto, subiri. Kikiwa kimepoa, chakula kiko tayari.

Njia hii ina faida nyingine. Joto la lundo huua mbegu nyingi za magugu na vipande vya nyasi zinazotambaa, kama pasipalumu na nyasi za Kikuyu. Nyungunyungu peke yake hawafanyi hivyo, kwa sababu kreti lao halipati joto la kutosha. Anayeruka hatua hii anaweza kusambaza magugu bustanini kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumba na mlo

Nyumba ya nyungunyungu si ya gharama. Kreti la plastiki, beseni lililotoboka, pipa lililopasuliwa katikati au sanduku la mbao, vyote vinafaa. Kina cha sentimita 30 hadi 40 kinatosha, kwa kuwa wanaishi juu. Chini toboa matundu ili maji yatoke, na weka chombo cha kuyakinga. Juu funika kwa gunia la katani lililolowa, kwani hawapendi mwanga.

Ndani tandika kitanda cha sentimita 15 hivi: katoni zilizochanwa na kuloweshwa, majani makavu, na samadi ya zamani iliyopoa. Ongeza konzi ya mchanga au maganda ya mayai yaliyosagwa. Nyungunyungu hana meno. Anasaga chakula kwenye firigisi kama kuku, na punje hizo ndizo mawe yake ya kusagia.

Kilo moja ya nyungunyungu ni kama elfu moja au zaidi kwa hesabu, na inatosha kabisa kuanzia nyumbani. Eneo la mita mraba moja linaweza kubeba kilo nne hadi tano wanapokuwa wengi. Hakuna haja ya kununua wote hao. Kila mmoja ana uume na uke pamoja, ingawa kwa kawaida huhitaji mwenzake ili kuzaa. Mayai yao hukaa ndani ya vifuko vidogo kama punje za ulezi. Kifuko kimoja kwa kawaida hutoa watoto wawili hadi wanne baada ya wiki tatu hivi, nao hukomaa baada ya wiki sita hadi nane. Mahali pakiwapendeza, idadi yao inaweza kuongezeka maradufu kwa miezi miwili au mitatu.

Siku za mwanzo waache wazoee. Kisha anza kuwalisha upande mmoja tu wa kreti, tabaka la sentimita mbili au tatu, si zaidi. Upande wa pili uwe kimbilio lao endapo chakula kitapata joto. Usiongeze tabaka jingine hadi la kwanza liwe halitambuliki. Vitabu husema nyungunyungu anaweza kula nusu ya uzito wake kwa siku. Anaweza, hali ikiwa nzuri. Anayeanza asipange kwa hesabu hiyo; apange kwa kutazama.

Unyevu unapimwa kwa kiganja. Chukua konzi ya kitanda na ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, ni sawa. Yakitiririka, ongeza katoni kavu. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji. Pua nayo ni kipimo: harufu kali ya amonia inakuambia umezidisha nyasi mbichi, harufu ya yai viza inakuambia maji yamezidi na hewa haipiti. Kreti lenye afya linanuka kama msitu baada ya mvua.

Maganda ya ndizi, mboga zilizonyauka, majani ya chai na ya kahawa, vyote wanavipokea pamoja na nyasi. Wasipewe nyama, mafuta, chumvi, wala malimau na machungwa mengi. Kinyesi cha binadamu na cha mbwa kisiingie kabisa, kwa sababu ya magonjwa. Na baada ya kushika samadi au mboji, nawa mikono kwa sabuni.

Maadui watano

Wa kwanza ni siafu. Wakigundua kreti usiku, asubuhi hukuti kitu. Dawa ya uhakika ni kuinua kreti juu ya miguu minne, na kila mguu kuutumbukiza kwenye kopo lenye maji yaliyotiwa sabuni kidogo. Wa pili ni kuku, ambaye kwake kreti lisilofunikwa ni karamu. Wa tatu ni jua. Kreti la plastiki juani saa nane mchana ni sufuria. Wa nne ni mvua ya masika: maji yakijaa hewa hukosekana, na nyungunyungu hutoka na kutambaa ukutani. Turubai au paa dogo la bati linatosha.

Adui wa tano haonekani, na ndiye hatari zaidi kwa nyasi za mjini. Ni dawa za kuua magugu. Baadhi ya dawa zinazopulizwa kwenye viwanja vya nyasi na malisho, hasa zenye kloparalidi, aminoparalidi au pikloramu, hazioziki haraka. Hupita kwenye lundo la mboji, na hata kwenye tumbo la ng'ombe, zikiwa bado na nguvu. Haziiui nyasi yenyewe, ila zinapofika kwenye maharage, nyanya, viazi au njegere, majani hujikunja na mmea hudumaa.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea nyasi za hoteli, uwanja wa mpira au ofisi, uliza swali moja: mlipuliza nini, na lini? Jibu likikosekana, fanya jaribio. Changanya mboji yako na udongo kwenye makopo matatu, panda maharage, na kwenye makopo mengine matatu panda maharage kwenye udongo mtupu. Subiri wiki tatu. Kama majani ya makopo yenye mboji yanajikunja na ya mengine hayajikunji, mboji hiyo isiende bustanini. Maharage machache ni bei ndogo kuliko msimu mzima. Nyasi za kando ya barabara kuu zenye mafuta ya magari na vipande vya plastiki nazo ziachwe.

Hesabu ya ukweli

Baada ya miezi mitatu hivi, sehemu kubwa ya kreti itakuwa nyeusi, laini, kama kahawa iliyosagwa. Kuvuna, lisha upande mmoja tu kwa wiki mbili, na nyungunyungu wengi watahamia huko. Au mwaga kila kitu juu ya turubai mahali penye mwanga, tengeneza vichuguu vidogo, na uwe unakwangua juu kidogo kidogo. Nyungunyungu watakimbilia chini kukwepa mwanga, hadi wabaki wamefungamana kama tambi.

Utapata kiasi gani? Tupige hesabu bila kujidanganya. Gunia la nyasi mbichi lenye kilo 20 lina maji kama kilo 16. Kitu kikavu ni kilo nne tu. Wakati wa kuoza, takriban nusu ya hicho hupotea hewani kama gesi. Zinabaki kilo mbili kavu, ambazo zikiwa na unyevu wake wa kawaida hazizidi sana kilo tano. Magunia manne ya nyasi, kwa hiyo, hutoa gunia moja jepesi. Atakayekuahidi zaidi ya hapo anauza maneno.

Na nguvu yake? Mboji ya nyungunyungu kwa kawaida ina nitrojeni ya asilimia moja hadi mbili. Mfuko wa kilo 50 wa urea una nitrojeni kilo 23. Kupata kiasi hicho kwa mboji yenye asilimia moja na nusu, unahitaji zaidi ya kilo 1,500. Mkulima wa hekta nzima ya mahindi hataachana na duka la mbolea kwa sababu ya kreti tatu nyuma ya nyumba, na si haki kumwambia hivyo.

Lakini mboji hufanya kazi ambayo urea haifanyi. Huupa udongo mwili. Udongo mwepesi hushika maji zaidi, na ule wa mfinyanzi hupitisha hewa. Virutubisho vyake hutoka polepole badala ya kusombwa na mvua ya kwanza. Ndiyo maana mahali pake hasa ni kitaluni na kwenye bustani ya nyumbani, ile ambayo Wanyarwanda huiita akarima k'igikoni. Kwenye udongo wa miche, sehemu moja ya mboji kwa sehemu tatu au nne za udongo inatosha. Kwenye shimo la nyanya, kabichi au bilinganya, weka konzi mbili. Shamba kubwani, itumike pamoja na mbolea ya dukani. Kwa familia inayonunua mboga kila siku, bustani ya hatua kumi yenye udongo mzuri ni tofauti kati ya mchuzi na chumvi.

Fundisho la kware

Kila kitu kipya kikiingia kijijini, nyuma yake hufuata mfanyabiashara. Wakenya wanakumbuka kware. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, habari zilienea kwamba mayai yake ni dawa na utajiri. Watu walikopa, walijenga mabanda, walinunua ndege kwa bei ya juu. Baada ya muda mfupi wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, bei ikaanguka, na wengi wakabaki na madeni na mabanda matupu.

Nyungunyungu wanaweza kufuata njia hiyo hiyo. Dalili ya hatari inajulikana: mtu anakuuzia kilo kwa bei ya kutisha, na kukuahidi kwamba yeye mwenyewe atanunua watoto wote watakaozaliwa. Mradi wa namna hiyo unaishi kwa kupata wateja wapya, si kwa mboji. Biashara ya kweli ni ile yenye mnunuzi anayetaka mboji yenyewe: mwenye kitalu cha miche, mkulima wa maua, familia ya mjini yenye vyungu barazani. Kabla ya kununua kilo ya pili, tafuta huyo kwanza.

Jambo jingine ni mpaka. Soko letu la Jumuiya ya Afrika Mashariki limefunguka, lakini viumbe hai, udongo na mboji si sawa na sukari au vitenge. Vinaweza kubeba magonjwa ya mimea na mayai ya wadudu. Kenya ina KEPHIS na Tanzania ina TPHPA zinazosimamia afya ya mimea, na nchi nyingine nazo zina mamlaka zake. Anayetaka kuleta mbegu ya nyungunyungu kutoka nchi jirani aanzie ofisini, si kwenye njia ya panya akiwa na ndoo iliyofunikwa kanga. Mara nyingi hatahitaji hata kuvuka: aulize kwanza vituo vya utafiti wa kilimo, vyuo na wafugaji wa karibu.

Ng'ombe kwanza

Jambo la mwisho linahusu utaratibu. Si kila nyasi inayofyekwa ni ya nyungunyungu. Nyasi safi, ndefu, zisizo na dawa wala plastiki, ni chakula cha mifugo, na katika eneo letu ambako familia nyingi hufuga ng'ombe mmoja bandani, kumnyima ng'ombe ili kumlisha nyungunyungu ni kosa la hesabu. Ng'ombe ale kwanza, atoe maziwa, kisha samadi yake na masalia ya hori yaende kwa nyungunyungu. Kwa njia hiyo nyasi moja inafanya kazi mara tatu.

Nyasi fupi za bustani ya nyumbani, zinazokatwa mara kwa mara, zinaweza kuachwa pale pale zilipoangukia. Zikiwa nyembamba hupotea ndani ya siku chache, na huirudishia bustani karibu robo ya nitrojeni inayohitaji kwa mwaka. Hiyo ndiyo mboji rahisi kuliko zote.

Kinachobaki, yaani nyasi zilizochanganyika na majani, zilizokomaa kupita kiasi, au zilizo nyingi kuliko ng'ombe wa mtaa, ndicho cha lundo na kreti. Kazi hiyo haihitaji mradi wa mamilioni. Umudugudu mmoja, mtaa mmoja au shule moja yenye kona ya kivuli, malundo mawili, makreti sita na watu wawili wanaowajibika, inaweza kuanza Jumamosi ijayo. Nguvu kazi tayari ipo, na mafyekeo tayari yapo. Ila asubuhi hiyo, kabla fyekeo la kwanza halijainuliwa, kiongozi aonyeshe kwa kidole mahali lundo litakapowekwa, na amtaje kwa jina atakayekuja kuligeuza siku ya tatu. Bila mtu huyo, nyasi zitaishia pale pale bondeni.